Sifuri ya Itumbiko

Vituo tisini na sita vilileta karatasi zao za matokeo, na Felista Magembe akazipokea moja moja bila kukunja uso. Cha tisini na saba, Itumbiko, kilileta sifuri. Sifuri hiyo ndiyo iliyomfanya aache chai yake ipoe.

Isije ikadhaniwa kwamba watu wa Itumbiko hawakupiga kura. Walipiga, tena wote, elfu moja mia moja na arobaini, hata wazee wa kubebwa mgongoni. Sifuri ilikuwa kwenye safu ya mwisho ya karatasi, safu ya kura za shuruti. Maana yake ni kwamba katika kijiji kizima hapakupatikana binadamu hata mmoja aliyepiga kura huku anaogopa.

"Yasini," aliita. "Hebu njoo uone kioja."

Yasini Mbaruku alikuwa fundi wa mashine za uchaguzi wa jimbo la Lugufa, bwana mmoja mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliinama juu ya karatasi, akavaa miwani, akavua.

"Safi kabisa," alisema.

"Safi nini wewe! Niambie, umewahi kuiona wapi sifuri?"

Yasini akakuna kidevu. "Kwenye majaribio tu, mama. Tulipoiwekea mashine mkono wa plastiki."

Felista alikuwa kwenye kazi za uchaguzi kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuongeza wala kupunguza kura ya mtu. Alijua kwamba hata kituo kilichotulia kuliko vyote hakikosi kura thelathini za shuruti. Yuko mke anayemwogopa mume, yuko mkwe aliyemwahidi baba mkwe, na wako wanaoiogopa mashine yenyewe basi. Watu elfu moja wasiokuwa na hofu hata ya kusingiziwa hawajazaliwa.

Watu wazima wanakumbuka chaguzi za kabla ya mashine. Zilikuwa vita vya wiki tatu vyenye karatasi ndani yake. Watu waliapishwa kwa nguvu, wakachomewa nyumba, wakapangwa foleni wakisukumwa kwa fimbo, halafu waangalizi wakaja na kofia zao wakasema mambo yamekwenda vizuri. Ndipo ikaletwa mashine, watu wakaiita Shahidi. Ni kibao cheusi cha ukubwa wa chano. Unaweka kiganja juu yake, karani anakusalimu, unaitikia, halafu unachagua. Shahidi anausoma moyo wako na jasho lako wakati wa salamu, anausoma tena wakati wa kuchagua. Moyo ukiruka katikati ya hapo, kura yako inakwenda kwenye kapu la shuruti na haihesabiwi. Kapu likijaa kupita moja ya tano, uchaguzi wa kituo hicho unarudiwa chini ya ulinzi wa watu wa mbali. Chaguzi mbili za mwanzo wahuni walikoma wenyewe. Walipiga watu mpaka wakachoka, halafu wakakuta kura zote walizozisaka ziko kapuni.

Na sasa Itumbiko ilikuwa imeleta sifuri. Ingekuwa kituo cha kuongezea tu, Felista angeinung'unikia na kuipitisha. Lakini vituo tisini na sita vilimpa Mwalimu Anastazia Ntibi, mgombea asiye na chama, uongozi wa kura mia nne thelathini na tano. Itumbiko peke yake ilimpa Bwana Malimi Shosha wa Chama cha Nguzo kura elfu moja tisini na tatu, na Mwalimu Anastazia kura arobaini na saba. Ukijumlisha zote, Shosha ameshinda kwa mia sita na kumi na moja. Kijiji kimoja kilikuwa kimeamua jimbo zima.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya tatu baada ya kura. Sheria ilimpa mpaka saa kumi jioni kutangaza.

"Washa gari," alimwambia Yasini. "Tunakwenda Itumbiko."

* * *

Gari lilijiendesha lenyewe kwa saa nzima katikati ya mashamba ya mkonge. Shuleni, palipokuwa kituo cha kura, nakala ya matokeo ilibandikwa mlangoni kama sheria inavyotaka. Mtu alikuwa ameizungushia ile arobaini na saba duara kwa mkaa, akaikoleza mpaka karatasi ikachanika.

Wanaume watatu walikuwa wamekaa barazani.

"Habari za hapa?" Felista aliwauliza.

"Nzuri."

"Na uchaguzi, ulikwendaje?"

"Salama tu," alijibu mmoja, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe.

Karani aliyewapokea wapiga kura kwenye kibao alikuwa Bibi Nyamizi, mwalimu mstaafu, na watu wakawaelekeza nyumbani kwake. Alikuwa mwembamba, wa miaka kama sabini, amejifunga kaniki. Mwanawe, mtu mzima aitwaye Doto, alisimama mlangoni amekunja mikono, hakukaa wala hakuwatazama.

"Shikamoo, mama," alisema Felista.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Habari za huko mjini?"

"Nzuri. Za hapa kwenu?"

"Salama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Za masika?"

"Tunashukuru, mvua ilinyesha."

Wakapewa vigoda. Bibi Nyamizi akaingia ndani, akatoka na uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati, akahakikisha kila mtu ameshika chake. Akakaa, akaunyoosha mguu wake mbovu. Hapo ndipo aliposema, kwa sauti ile ile aliyoizungumzia mvua:

"Ila hapa kwetu tumemzika Kulwa. Leo siku ya kumi na mbili."

Felista alikishusha kikombe. "Kulwa nani, mama?"

"Pacha wa huyu." Alimwonyesha Doto kwa kidevu. "Alikuwa wakala wa Mwalimu Anastazia. Walimchukua kwenye kiwanda cha mkonge mchana kweupe, watu wanaona. Siku ya tatu wakamrudisha, wakamtundika kwenye kamba tunazoanikia mkonge."

"Pole mama. Pole sana, jamani. Lakini... nimekuuliza habari za hapa, ukaniambia salama."

Bibi Nyamizi akamshangaa kwa kweli. "Sasa ningesemaje, mwanangu? Mgeni hajakaa, hajanywa hata maji, nimtupie msiba usoni? Wewe umelelewa wapi?"

Lahaula! Felista alikuwa amelelewa hivyo hivyo, na malezi hayo ndiyo aliyoyauza.

Miaka kumi na mitano nyuma alikuwa ofisa mdogo kwenye kamati iliyomtengeneza Shahidi. Wahandisi walitaka kila mpiga kura akae kimya dakika tano, mashine ijue moyo wake unavyopiga akiwa ametulia, ndipo achague. Dakika tano mara watu elfu moja! Foleni zingefika mwezi wa pili. Felista akanyoosha mkono akasema, msalimieni. Mtu wetu akiulizwa habari za nyumbani anatulia, anajibu nzuri, inatosha. Wahandisi wakapima, wakapata sekunde nane. Walimpigia makofi siku hiyo, na makofi yale yalimpandisha cheo.

Hakuna aliyejiuliza ni nani katika nchi nzima amewahi kuulizwa habari za nyumbani akajibu mbaya. Hata mwenye maiti ndani anaanza na nzuri, ndipo anasema ila. Watu wa Itumbiko walikuja kituoni na hofu ya siku tisa nzima vifuani mwao. Wakaulizwa habari, wakajibu salama kama walivyofundishwa na mama zao, na Shahidi akaandika: hivi ndivyo mtu huyu anavyokuwa akiwa na amani. Walipochagua, moyo haukuwa na mahali pengine pa kupanda. Ukimtisha mtu leo asubuhi, mashine inamwona. Ukimtisha wiki mbili mfululizo, anakuwa ndiye yeye.

"Niliwasalimu wote mimi mwenyewe," alisema Bibi Nyamizi. "Jirani yangu Wande nyumba yake ilikuwa bado inafuka moshi. Alisema salama."

"Mama, nyamaza," alisema Doto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Hawa wataondoka na gari lao. Sisi tunabaki." Alimgeukia Felista. "Watu wa Nguzo waliagiza Itumbiko yote iwapigie, asibaki mtu. Imekuja arobaini na saba. Jana wamepita nyumba kwa nyumba wanauliza hao arobaini na saba ni nani na nani. Watu wameanza kutajana. Mtu anamtaja shemeji yake!"

"Mimi mmoja wao," alisema Bibi Nyamizi.

Doto alijifunika uso kwa viganja viwili, akaegemea kizingiti.

Felista hakutaka kuujua ukweli huo, lakini alikuwa ameshaujua. Akawaeleza mambo yalivyo, polepole, kwa kuwa walistahili kuelezwa. Akiandika kwamba Shahidi amedanganywa, kesi inakwenda mahakamani, na sheria inasema kumbukumbu za kituo zifunuliwe. Jina la kila mtu, moyo wake, na alichochagua. Bila kuviona vyote vitatu hakimu hawezi kujua kama hofu iliiongoza kura. Zitasomwa mbele ya mawakili wa pande zote, Nguzo wakiwemo. Kifungu hicho nacho kilipita mbele yake kule kwenye kamati, akanyamaza, maana aliamini hakitatumika kamwe.

"Kwa hiyo ukisema kweli," alisema Bibi Nyamizi, "wanapewa orodha."

"Ndiyo, mama."

"Na ukinyamaza, waliomuua Kulwa wanakwenda bungeni."

"Ndiyo."

Bibi Nyamizi alivikusanya vikombe vya bati, kimoja kimoja. "Mimi nifunue hata leo," alisema mwishowe. "Nimeshazeeka, na mwanangu wameshamla. Lakini hao arobaini na sita siwezi kuwasemea. Wengine wana watoto wa kunyonyesha."

"Nikiwauliza wao wenyewe?"

"Utamuuliza nani? Ukigonga mlango tu, umeshamtaja."

* * *

Walirudi mjini saa nane na nusu. Kwenye ngazi za ukumbi wa kujumlishia kura alikuwa akimsubiri Wakili Gervas Kaombwe, mwakilishi wa Nguzo, suti imemkaa, meno meupe. Yeye na Felista walikuwa wamesoma darasa moja sekondari.

"Dada Felista! Nimesikia umekwenda kutembelea vijiji."

"Nimekwenda kazini kwangu, Gervas."

"Sawasawa. Ndivyo inavyotakiwa." Akamshika kiwiko, wakatembea pamoja kama marafiki. "Sikia dada. Kama una shaka na Itumbiko, iandike. Usijibane. Sheria ipo, tuitumie. Tufunue kumbukumbu, kila kitu kiwe mezani."

Felista alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa vitisho, amejiandaa hata kwa bahasha. Hakujiandaa kwa hili.

"Mnataka nipinge?"

"Sisi hatutaki kitu. Ukisaini, tumeshinda. Ukipinga, kesi itachukua mwaka, na huo mwaka wote mtu wetu yuko bungeni. Ila kumbukumbu zinafunuliwa siku ya kwanza." Alitabasamu. "Uwazi ni jambo zuri, au siyo? Watu wa Itumbiko wangependa kujuana."

"Gervas, una mama wewe."

"Ninaye, na yeye amepigia Nguzo." Akaangalia saa yake. "Saa kumi, dada. Tuko nyuma yako."

Akiwa ofisini amefunga mlango, Felista alijaribu kufikiri kama alivyofundisha wengine kufikiri: weka mambo mezani, soma sheria, fuata. Akisaini, amemtawaza muuaji kwa karatasi halali, na kuanzia mwaka huo kila muuaji nchini atajua namna ya kumpofusha Shahidi. Akipinga, ameuza watu arobaini na saba kwa ajili ya kesi ya mwaka mzima. Sheria yake aliyoipenda ilikuwa na milango miwili tu, na yote ilitokea makaburini.

Kulikuwa na njia ya tatu, na aibu yake ilikuwa kubwa mpaka aliiona kwa kuchungulia. Kumbukumbu za Itumbiko zilikuwa ndani ya kibonge kimoja, kidogo kama kipande cha sabuni, kwenye sanduku la chuma nyuma ya kiti chake. Hapakuwa na nakala. Baada ya wadukuzi wa uchaguzi wa tatu, Bunge lilipiga marufuku nakala. Kwenye kona ya ofisi palikuwa na kisafishio, mashine ya kufutia vibonge vya zamani muda wao ukiisha. Kilimtii msimamizi peke yake, kwa kiganja chake. Na sheria ilisema kituo kilichopoteza kumbukumbu kura zake zinaondolewa zote kwenye hesabu.

Wakati huo jimbo lingekwenda kwa Anastazia. Yaani yeye, Felista Magembe, angekuwa amefuta kura za watu elfu moja mia moja na arobaini na kubadilisha mshindi. Jina la kitendo hicho alilijua. Alikuwa amewapeleka watu wanne gerezani kwa kitendo hicho hicho.

Yasini alikuwa mezani kwake anajifanya kupanga nyaya.

"Yasini, alasiri inaingia. Nenda kaswali."

"Bado robo saa, mama."

"Nenda mapema. Kakae msikitini mpaka uone watu wanatoka. Watu wakuone huko."

Yasini aliyapeleka macho yake kwenye lile sanduku la chuma, kisha kwenye kisafishio, kisha kwake. "Mama Magembe, mimi nina miaka kumi na mmoja na wewe. Usinifanyie hivi."

"Ndiyo maana nakutuma ukaswali."

Akaondoka. Felista akafungua sanduku, akatoa kibonge, akakitia kwenye kisafishio, akaweka kiganja. Mashine iliuliza mara tatu kama ana hakika. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Alilia wakati inafanya kazi, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatoka ukumbini.

Saa kumi kamili alisoma matokeo ya vituo tisini na sita. Akaweka karatasi chini.

"Kura za Itumbiko hazimo," alisema. "Kumbukumbu zake nimezifuta mimi, kwa mkono wangu, muda huu. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenisaidia. Shahidi wa Itumbiko hakuona kitu kwa sababu hofu ilimtangulia kufika pale, na kosa hilo la mashine ni langu tangu ilipotengenezwa. Kwa kura zilizobaki, Anastazia Ntibi ndiye mbunge wa Lugufa."

Ukumbi ulilipuka. Upande mmoja waliimba, upande mwingine viti vilianza kuruka. Wakili Kaombwe peke yake hakusimama. Alikuwa anamtazama Felista bila tabasamu, na ilikuwa wazi kwamba jambo hilo halikuwa kwenye mahesabu yake. Felista alifurahi kuliona. Furaha hiyo aliibeba mpaka kwenye gari la polisi.

* * *

Mwalimu Anastazia hakuja mahabusu kumwona. Alituma ujumbe kwamba hawezi kuonekana na mtu aliyeiba kura, hata zikiwa zimeibwa kwa faida yake. Felista alimwelewa, akaumia vilevile.

Aliyekuja, siku ya tano asubuhi, alikuwa Bibi Nyamizi. Alikuwa amepanda lori la mkonge tangu alfajiri na kaniki yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Askari akamwacha akae kwenye benchi upande wa pili wa nondo.

"Walikuja jana," alisema. "Gulioni."

Felista alizishika nondo. "Orodha hawana, mama. Hakuna orodha tena duniani. Niliifuta."

"Hawana. Lakini idadi wanayo, si mlibandika mlangoni?" Bibi Nyamizi alisema bila ukali, kama anayemsahihisha mwanafunzi daftari. "Walizunguka gulio na magari mawili, wakachukua watu, yeyote waliyemfikia. Walikuwa wanahesabu kwa sauti. Walipofika arobaini na saba wakafunga mlango."

Ile namba ilikuwa karatasini mbele ya Felista tangu asubuhi ya kwanza, na aliipitia mara mia kama mtu anayesoma tarehe.

"Doto alikuwa wa thelathini na moja," alisema Bibi Nyamizi.

"Yesu wangu! Lakini Doto..."

"Doto aliwapigia wao. Aliogopa. Aliniambia mwenyewe, alilia siku nzima kwa kumsaliti ndugu yake. Gulioni aliwaambia, mimi nimewapa kura yenu, niulizeni. Wakacheka. Wakasema wote mnasema hivyo." Alivuta pumzi. "Na kweli wote walisema hivyo. Wengi wao hawakuwa wanadanganya."

Kumbukumbu zingewaokoa hao. Felista aliliona jambo hilo mara moja, lote, na hakuwa na pa kukimbilia. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na uthibitisho kwamba Doto hakuwapinga, na mtu huyo aliuteketeza huku anajiona anawaokoa watu.

"Nimewaua," alisema.

"Hawajafa bado. Wako kwenye godauni la zamani la kiwanda, tunasikia sauti zao. Wamesema atakayeleta wa kweli, mmoja kwa mmoja, anapewa wake." Bibi Nyamizi aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne na kalamu ya wino. "Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba mimi nilimpigia Anastazia. Nimekwenda nikasema kwa mdomo wangu, wamenifukuza. Wameniambia kila mama anasema hivyo kwa ajili ya mwanawe, niende nikalete ushahidi. Wewe ndiye msimamizi. Andika kwamba uliiona kura yangu."

"Mama, sikuiona. Nimefunga kazi, sina mhuri, mimi ni mahabusu. Halafu unajua watakufanya nini?"

"Najua kuliko wewe."

"Nilifuta ili asijulikane hata mmoja wenu! Nimeyatupa maisha yangu yote kwa ajili hiyo. Sasa unataka nikutaje kwa mkono wangu?"

"Uliyatupa. Ahsante." Bibi Nyamizi aliipitisha karatasi kwenye nondo. "Ila hukuniuliza, mwanangu. Ulikaa kwangu ukanywa uji wangu, nikakwambia nifunue mimi. Ukaenda ukafunika. Kura ile niliipiga kwa ajili ya Kulwa, na haipo tena mahali popote. Leo nataka nimkomboe Doto kwayo, na sina hata alama ya kwamba niliipiga. Niandikie, au niambie usoni kwamba hutaki."

Askari alikohoa mlangoni. Dakika zilikuwa zimekwisha.

Felista aliishika karatasi ukutani kwa kiganja cha kushoto. Aliandika jina lake kamili na cheo alichokuwa nacho. Akaandika kwamba anathibitisha, kwa kumbukumbu alizozisoma kabla ya kuzifuta, kwamba Nyamizi wa Itumbiko alimpigia kura Anastazia Ntibi. Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kuutia kwenye karatasi ya uchaguzi, na kilichoandikwa ndani yake kilikuwa kweli. Akatia sahihi, akapaka wino kidoleni, akagonga dole gumba.

"Watakubali?" aliuliza Bibi Nyamizi.

"Sahihi yangu wanaijua. Nadhani watakubali."

Bibi Nyamizi aliisoma yote mpaka mwisho, kimwalimu, akarekebisha nukta moja, akaikunja na kuirudisha kifuani. Alisimama kwa tabu kwa ajili ya ule mguu, akauliza lori la kurudi linapita saa ngapi. Askari alimwambia saa sita, akiwahi kituoni atalipata.

Felista alibaki ameshika nondo, wino haujamkauka kidoleni. Nje alimsikia askari akimwelekeza bibi njia ya mkato, apite nyuma ya soko, ili asichelewe.